Kapita wa Chokaa na Mvua Yetu

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini za asubuhi, mwezi wa kumi, mwaka wa pili tangu kampuni ya migodi iache kutulipa, niliposikia chuma kikigongwa barabarani kwetu Kikula, mjini Likasi. Mlio ulikuwa ule wa kiwandani, wa kuita watu kazini, na kabla sijaamka vizuri miguu yangu ilikuwa imekwisha kuanza kutafuta viatu. Nilipotoka nikakuta wanaume wa mtaa mzima wako milangoni, baadhi wamevaa kofia za kazi juu ya nguo za kulalia, kila mmoja akitumaini kwamba kampuni imefufuka.

Hapakuwa na kampuni. Palikuwa na jirani yetu wa nyumba ya kona, amening'iniza kipande kifupi cha reli kwenye waya, na mkononi ana bolti kubwa. Aligonga mara ya mwisho, akangoja tunyamaze, akasema neno moja.

"Hatari."

"Hatari ya nini, Kapita?" mtu akauliza.

"Ya mvula. Leo, mbele ya jua kuingia. Kila mutu afunike vitu yake."

Kisha akaenda zake. Saa tisa alasiri mvua ilinyesha kweli, kidogo, kiasi cha kulaza vumbi. Ilitosha. Tangu siku hiyo mtaa wetu ulikuwa na mtangazaji wa mvua, na asubuhi za masika zote zilizofuata zilianza kwa reli ile.

Jina lake nalijua, lakini mtaani halikutumika na hapa pia sitalitumia. Alikuwa Kapita, kwa sababu kwa miaka mingi kuliko umri wa ndoa yangu alikuwa msimamizi wa upakiaji wa chokaa kule Kakontwe. Asiyejua chokaa aelewe jambo hili. Jiwe lake likishachomwa tanuruni linakuwa na kiu. Likipata maji linachemka lenyewe, linavimba, linapasua mifuko, na linaweza hata kuwasha mbao za wagoni la treni. Kwa hiyo kazi ya mtu huyu kila asubuhi ilikuwa kujibu swali moja kabla wagoni halijafunguliwa: itanyesha au haitanyesha? Akikosea, wagoni linapotea na wapakiaji wanaungua. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu jeupe kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko. Alilionyesha kwa kila mtu, hata kwa wale waliokwisha kuliona.

Lazima nieleze pia kwa nini tulimwamini, maana leo inaonekana kama upuuzi. Sisi watu wa kampuni tulijua mahindi kama mfuko. Unga ulitoka ghalani pamoja na samaki wa chumvi na mafuta, na Jumamosi tuliiita siku ya posho. Mifuko ilipokoma tuliendelea kuiita hivyo hivyo, tukachukua majembe na kwenda kulima miteremko ya njia ya Buluo. Mafundi umeme, wachomeleaji, makarani, na mimi niliyekuwa mtunza ghala wa vipuri. Tulilima kwa mistari iliyonyooka sana. Mmoja wetu alikuja na kamba ya kupimia na akakataa kupanda shimo lolote lililopinda. Lakini lini upande, hilo hakuna aliyelijua. Kapita ndiye mtu pekee kati yetu ambaye elimu yake ya mvua ilikuwa imelipiwa mshahara. Kwetu hiyo ilikuwa diploma.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Cha kwanza kilikuwa sahani iliyopasuka yenye donge la chokaa iliyochomwa, ambayo aliiweka dirishani usiku. Alfajiri alilibonyeza donge kwa kidole. Likiwa gumu na kavu, alikuwa radhi. Likianza kumeguka na kuwa unga, maana yake hewa ina maji. Cha pili kilikuwa pua yake. Cha tatu kilikuwa vilima vya upande wa Kambove, ambavyo alivitazama amefumba jicho moja. Jirani alipomuuliza jicho la pili lina kosa gani, alijibu, "Ile inapumzika. Nitaiitaji kesho."

Maneno yake ya kazi yalikuwa mawili tu, "hatari" na "hakuna". Mvua ilikuwa hatari, na ukavu ulikuwa hakuna. Hakuyabadilisha hata baada ya sisi kuwa wakulima, hivi kwamba mtaa wetu ulikuwa mahali pekee Likasi ambapo mtu akipiga kelele ya hatari, wanawake wanacheka na kutafuta majembe. Neno la tatu hakulikubali kabisa. Fundi umeme mmoja alimwomba siku moja aseme angalau "labda", ili watu wajipange.

"Minye sisemake labda," akajibu. "Labda haifunikake wagoni."

Na mtu huyu aliyetangaza mvua aliiogopa kuliko sisi sote. Tone la kwanza likianguka, alikuwa wa kwanza kuwa chini ya bati. Niliwahi kumwona akikimbia manyunyu ambayo kuku hawakuyajali. Alivaa koti la mpira la kampuni, limefungwa vifungo hadi shingoni, hata katika joto la mwezi wa kumi ambapo sisi tulikaa na vesti. Mke wake alisema kwamba miaka yote ya ndoa hakupata kumwona akifurahia mawingu. Wengine walipiga magoti kuomba mvua. Yeye aliingoja jinsi mtu anavyomngoja mdai wake asiyemtaka nyumbani.

Kukosea hakukuwa katika mambo yake. Akisema hatari na jua likawaka hadi jioni, vijana walimzuia njiani.

"Kapita, na mvula ya leo?"

"Ilikuya."

"Ilikuya wapi? Tazama shati yangu."

"Ilikuya Kambove. Enda uulize."

Nani angekwenda Kambove kuuliza? Hivyo mvua ya Kambove ikaingia katika lugha yetu. Mtu wa kampuni alipopita kutangaza kwamba mishahara ya miezi iliyopita italipwa mwisho wa mwezi, watu walimsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akasema, "Ile ni ya Kambove," na mkutano ukavunjika.

Uhusiano wake na mchungaji wa kanisa la mwisho wa barabara ulinichukua muda kuuelewa. Mchungaji alitangaza maombi ya mvua yafanyike Ijumaa, ambayo kwetu ni siku ya tano. Kapita alimfuata nyumbani, nami nilikuwepo, nimepeleka kiti kilichohitaji gundi.

"Pasta, siku ya tano hakuna. Muombe siku ya posho."

"Kapita, Mungu haangaliake sahani yako."

"Minye nakubali. Lakini weye ukiomba siku ya tano, na minye nimesema hakuna, moja kati yetu ataaibika. Juu ya nini tuaibishane, na tunakaa avenue moja?"

Mchungaji alinitazama, akatazama kiti, akasema kwamba Roho amemwelekeza kwenye siku ya posho. Jumamosi hiyo mvua iliwakuta wakiimba. Tangu hapo matangazo ya maombi yalichelewa kila wiki hadi reli igongwe. Na siku mvua iliposhindwa kuja licha ya wote wawili, mchungaji alisema ni dhambi za mtaa, Kapita akasema ni upepo, na kila mmoja alipoulizwa kuhusu mwenzake alisema ni mtu wa kuaminika.

Ubaya ni kwamba watu wakizoea kusikia mvua ikitangazwa na mtu mmoja, hawakawii kuamini kwamba anayo. Katika ukavu mmoja mrefu, mama mzee wa avenue ya pili alikuja kwake na kuku jike.

"Papa, fungula."

"Nifungule nini, mama?"

"Weye unajua."

Kapita alimweleza, kwa sauti ya mtu anayesoma kanuni za usalama, kwamba yeye alikuwa mtu wa kazi, kwamba mvua haina mlango, na kwamba kuku huyo arudi nyumbani. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, papa, nimesikia. Sasa fungula." Kapita akaingia ndani kwa hasira. Mke wake, ambaye hakuwa ametabiri chochote, akampokea kuku.

Sasa nifike kwenye mbegu, kwa sababu ndizo zilizoniweka karibu na mtu huyu, kisha zikaniweka mbali naye.

Mwaka ule wa kwanza wa reli, mtaa wote ulipanda kwa hatari ya kwanza. Mahindi yaliota, yakafika urefu wa kidole, kisha jua likarudi na kukaa. Majani yalijikunja kama sigara. Tulikwenda kila jioni kuyatazama, kama wagonjwa hospitalini. Tulikula mwaka huo kwa kuuza: mimi niliuza redio, mlango wa jikoni na suti ya harusi. Mwaka uliofuata shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayelima Kapolowe, alituletea ndoo moja ya mahindi ya mbegu. Hakuketi.

"Shemeji, minye pia niko na batoto. Hii njo ya mwisho. Ukiiua tena, mutakula mawe ya Kakontwe."

Ndoo moja. Ikifaulu, tunakula bukari, ugali wetu, mwaka mzima. Ikifa, nabakiwa na bati za nyumba tu za kuuza. Mke wangu aliiweka chini ya kitanda upande wake, si upande wangu, na nilielewa.

Katika miezi hiyo mke wangu alikuwa akikausha mihogo kwenye bati za choo ili auze sokoni. Mihogo ikilowa inaoza na kunuka, kwa hiyo kila asubuhi alisikiliza reli kabla ya kuianika. Jioni moja, akikusanya vipande, alisema maneno ambayo kwake yalikuwa mzaha tu.

"Huyu Kapita iko muzuri ya mihogo. Ya mahindi, hapana."

"Unasema nini?"

"Nasema akisema hakuna, mihogo yangu haijalowaka hata siku moja. Akisema hatari, minye naacha kuanika, na jua inawaka mpaka ninalia."

Niliweka chini kitabu nilichokuwa nikisoma. Usiku huo nilipitia kichwani asubuhi zote nilizoweza kukumbuka, naye akazithibitisha kwa mihogo yake. Ilikuwa kweli. "Hakuna" ya Kapita haikupata kukosea. "Hatari" yake ilikosea karibu nusu ya mara zote.

Sababu yake haikuwa sahani wala pua. Ilikuwa chokaa. Kufunika wagoni bure kunawatoa jasho watu wanne. Kutolifunika kunaliteketeza. Kapita yeyote mwenye akili atalia hatari kwa wingu la ukubwa wa leso, na atasema hakuna pale tu anapoweza kuapa. Kwa miaka yote alifanya hivyo na alikuwa kapita mzuri. Lakini mkulima yuko upande wa pili wa hesabu hiyo. Mvua ya uongo haimtoi jasho tu, inamuulia mbegu. Tulikuwa tumechukua onyo la mtu wa chokaa na kulitumia kama mwaliko wa kupanda.

Nikaamua hivi: sitapanda akisema hatari. Nitapanda wiki ambayo hataweza kusema hakuna hata asubuhi moja. Wiki ya namna hiyo, hewa yenyewe imelowa.

Nilimweleza mke wangu. Alifikiri.

"Yaani tunangoja kile atakosa kusema?"

"Ndiyo."

"Na ukikosea?"

Niliinama chini ya kitanda, nikaisogeza ndoo mbali na ukuta.

Hatari ya kwanza ya mwaka huo ilikuja na ngurumo na mvua ya nusu saa. Mtaa wote ulishuka njia ya Buluo na ndoo. Mimi nilibaki nikirekebisha kiti. Saa nne Kapita alisimama kwenye lango letu, koti limefungwa hadi shingoni.

"Baba Mwamba. Haukusikia reli?"

"Niliisikia, papa."

"Na jembe?"

"Inapumzika kidogo."

"Weye ulikuwa mulinzi wa magasini ya vipuri. Magasini inatoaka vitu wakati kapita anaomba. Haitoake wakati inataka."

"Papa, hii ndoo njo yote niko nayo."

"Njo maana nakuambia leo. Mvula imefika kazini. Ukichelewa, utakuta imemaliza poste yake, imerudi nyumbani."

Nilimshukuru. Aliangalia kiti, akaliangalia jembe lililoegemea ukuta, akaondoka bila kuaga. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu. Mahindi ya majirani yalitokeza, ya kijani, mazuri, katika mistari yao iliyonyooka. Fundi umeme aliponipita alisema kwa wenzake, "Baba Mwamba anangoja mvula imuletee barua." Mke wangu alirudi kutoka shambani kwa jirani, akavua kanga yake ya kichwani na kukaa mlangoni.

"Ya mama Kalenga imefika hapa," akasema, akionyesha kifundo cha mguu. "Vitabu yako, nitaipika na chumvi?"

Na kila asubuhi reli. Hatari. Hatari. Hakuna. Hatari. Hakuna. Kila "hakuna" ilinipa nguvu, ingawa ilikuwa vigumu kufurahia ukavu mbele ya watu waliokwisha kupanda. Kisha zikaja hakuna mfululizo, na jua likawa lile la mwaka uliotangulia. Sikutoka kwenda kutazama majani yakijikunja. Niliwasikia wakirudi jioni, wakikokota majembe.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja hakuna zikaanza kuadimika. Mke wangu sasa ndiye aliyeamka kabla yangu kusikiliza. Siku ya kwanza, hatari. Siku ya pili, hatari. Siku ya nne, reli ilikawia. Kutoka dirishani tulimwona Kapita amesimama kizingitini, ameshika sahani, akibonyeza na kubonyeza. Mke wangu alinishika mkono kwa kucha. Kama angesema hakuna, tungeanza kuhesabu upya, na masika yalikuwa yanakwenda.

"Hatari," akasema Kapita, kwa sauti ndogo, kama mtu asiye na hamu.

Asubuhi zilizobaki za wiki hiyo zikawa hatari pia, na tulipanda siku ya posho, peke yetu kwenye mteremko mzima. Tulirudi tumelowa hadi mifupani, na mvua ile haikuondoka tena isipokuwa kupumua. Mwezi wa nne tulivuna mifuko kumi na mmoja. Waliokuwa na mbegu za akiba walipanda mara ya pili na kupata kidogo. Kapita, ambaye kila mwaka alijitii mwenyewe, alipata mashina matupu.

Hili ndilo jambo ninalotaka likumbukwe kumhusu: shamba lake halikupata kuwa tofauti na maneno yake. Alipotudanganya, alijidanganya pamoja nasi, kwa ndoo ile ile.

Wala sikuficha njia yangu. Niliwaeleza wote walioniuliza. Walinisikiliza mpaka mahali pa kungoja kile ambacho mtu hajasema, kisha wakanishukuru na kwenda. Fundi umeme alisema ukweli wao: "Kapita iko na reli. Weye uko na nini?"

Kapita hakunisamehe. Hakugombana. Alikuja tu na utaratibu mpya: alfajiri aligonga reli kutoka kona hadi nyumba ya jirani yetu wa kushoto, akanyamaza kupita mbele ya lango letu, kisha akaanza tena kwenye nyumba ya jirani wa kulia. Tulisikia kila kitu. Yeye pia alijua kwamba tunasikia. Lakini kisheria nyumba yetu haikutangaziwa mvua kwa miaka mitatu.

Mara ya mwisho nilipoongea naye kwa kirefu ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka redio zilipoanza kusema habari za vita vya mashariki. Alikuja mchana, kofia ya kazi kwapani na ndoo tupu mkononi. Alikuwa amekonda, na koti la mpira lilimzunguka kama pazia. Mke wangu alimpa kiti. Alikaa muda mrefu akiuliza afya ya kila mtu, pamoja na ya shemeji wa Kapolowe ambaye hakumfahamu.

"Baba Mwamba," akasema mwishowe, "mbegu imekufa tena. Yote. Uko na ndoo moja ya kuuzisha?"

"Iko, papa."

"Na weye utapanda lini?"

Sikutegemea kuulizwa swali hilo na mtu huyo. Nikamweleza yote: mihogo, wagoni, jasho la watu wanne, hatari ya nusu na hakuna isiyokosea. Nilimwambia kwamba kila ndoo niliyopanda tangu mwaka ule nimeipanda kwa ukimya wake. Alisikiliza amefumba jicho moja. Nilidhani amekasirika.

"Donc, basi, hakuna yangu haijakosaka," akasema.

"Hata siku moja."

"Hata siku moja." Alimgeukia mke wangu. "Umesikia, mama? Minye nilikuwa na haki. Ni bantu njo balikuwa banasikiliza upande mubaya."

Mke wangu alikwenda jikoni haraka, na nilimsikia huko akijaribu kutocheka. Kapita alivuta kiti karibu na meza. Sasa alikuwa kazini.

"Bon. Ndoo moja sokoni ni ngapi?"

"Laki moja na nusu, zaire mpya."

"Sawa. Nitalipa. Lakini miaka hii yote weye ulikula kwa kazi yangu. Kweli, ao minye nasema bongo?"

"Kweli, papa."

"Hatari nilitoa bure, juu hauna lazima ya kulipa kitu haukutumia. Hakuna, ni ya kulipa. Na wakati nilinyamaza mbele ya mulango yako, ile pia ulisikia. Nitakukatia bei, juu ni jirani."

Alihesabu kwa vidole, polepole, kwa haki kabisa, akiondoa asubuhi alizokuwa mgonjwa. Sikubishana, kwa sababu nilipoifuata hesabu yake sikuona kosa. Aliondoka na ndoo imejaa, kofia kichwani, na mimi, baada ya kutoa bei ya ndoo kwenye laki moja na elfu sabini nilizodaiwa kwa hakuna zake, nilikuwa nimemlipa zaire mpya elfu ishirini.